Bahasha Nne za Khaki: Bakteria wa Utumbo, Figo Iliyopandikizwa na Maambukizi Yanayoanzia Ndani

Kisahani kile nilikitoa kwenye kabati la joto Jumatatu asubuhi. Ni cha plastiki, mviringo, kinaenea kiganjani, na ndani yake tumemimina chakula cha bakteria kikaganda kama jeli. Jana yake mwenzangu wa zamu alikuwa amepaka juu yake tone la mkojo kwa kitanzi cha waya. Usiku mmoja ulitosha. Palikuwa pameota madoa ya waridi, mamia kwa mamia, yamesongamana hata alama ya kitanzi haionekani. Hiyo ndiyo sura ya E. coli, bakteria wa kawaida kabisa wa utumbo wa binadamu. Angekuwa mtu mwenye figo zake mbili za kuzaliwa, ningeandika majibu na kuchukua kisahani kinachofuata. Lakini fomu ilisema: mwanamke, miaka 52, amepandikizwa figo miezi 4 iliyopita.

Kesho yake nikatoa kisahani cha pili, kile cha kupimia dawa. Humo bakteria hutandazwa kama zulia, halafu tunapanga juu yao vijikaratasi vya mviringo, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Dawa inayowaua huacha duara safi kuizunguka. Isiyowaua, bakteria huota hadi kugusa karatasi. Kati ya vijikaratasi 8, viwili tu vilikuwa na duara. Nikapiga simu kliniki nikaomba nimwone mgonjwa mwenyewe, jambo ambalo sisi watu wa maabara hatulifanyi mara nyingi.

Alikuja na binti yake. (Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, na mwenyewe ameridhia nisimulie.) Nilipomwuliza ametumia dawa gani nyumbani, alifungua pochi akamimina mezani bahasha nne za khaki, zile za duka la dawa zenye maandishi ya kalamu: 1x2, 1x3, 1x1.

"Nani alikuandikia hizi, mama?"

"Hakuna aliyeniandikia, mwanangu. Mkojo ulikuwa unachoma, nikaona hii ni U.T.I. tu, nisiwasumbue tena madaktari walionihangaikia hivi."

Bahasha ya kwanza ilikuwa na siprofloksasini, antibayotiki (dawa ya kuua bakteria), ya siku 5. Maumivu yakaisha, baada ya wiki mbili yakarudi. Akanunua antibayotiki ya pili, amoksisilini yenye klavulaneti. Akaanza kuwashwa ukeni, akaambiwa dukani ni fangasi, akapewa flukonazo, kidonge kimoja kila siku kwa wiki nzima. Kiuno kikawa kinauma, akaongeza diklofenaki, dawa ya maumivu. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Binti yake alisema kikombe cha chai kilikuwa kinagongana na kisosi. Vipimo vya damu vya siku hiyo vilionyesha takrolimasi, dawa inayozuia mwili wake kuikataa figo, imepanda kupita kiwango, na kreatinini, taka ya damuni inayopanda figo ikielemewa, nayo imepanda.

Karibu kila ninachotaka jamii ijue kuhusu maambukizi kwa waliopandikizwa figo kimo ndani ya bahasha hizo nne. Lakini kabla ya kuzifungua, lazima tuingie tumboni.

Wenyeji wa utumbo

Mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, karibu sawa na idadi ya chembe hai za mwili wenyewe, na walio wengi wanaishi kwenye utumbo mpana. Tumezoea kuwaita wote vijidudu na kuwaogopa, ilhali wengi wao ni wenyeji wema. Wanakula nyuzinyuzi za maharage, dona na mboga ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, na kinachobaki kwenye mlo wao ni asidi iitwayo butirati, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ulioshiba hukaza, bakteria wakorofi hawapenyi kirahisi. Tena wenyeji hao wamejaza kila nafasi na wanamaliza kila chakula, kiasi kwamba E. coli, ambaye naye ni mkazi wa humo humo, hubaki na kipembe chake kidogo.

Ugonjwa sugu wa figo huvuruga makazi hayo muda mrefu kabla ya upasuaji. Figo zikishindwa kazi, yurea, taka iliyopaswa kutoka na mkojo, hujaa kwenye damu na kuingia utumboni. Bakteria wenye uwezo wa kuivunja hunenepa, wanaigeuza kuwa amonia, na amonia huchubua ukuta ule ule uliotakiwa kuwa imara. Kuna na masharti ya chakula: mgonjwa wa dayalisisi, anayesafishwa damu kwa mashine, huambiwa apunguze ndizi, parachichi, maharage na mboga nyingi za majani kwa ajili ya potasiamu, na masharti hayo ni ya lazima kwa moyo wake, lakini bakteria wema wanabaki na njaa. Weka juu yake vidonge vya madini ya chuma, na antibayotiki kila mara mrija wa dayalisisi unapopata maambukizi. Siku mtu anapoingia chumba cha upasuaji, utumbo wake tayari ni shamba lililochoka.

Halafu zinakuja dawa za kushusha kinga. Tarehe 23 Desemba 1954 huko Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walimpandikiza Richard Herrick figo ya Ronald, pacha wake wa kufanana, na figo ile ikafanya kazi bila dawa yoyote ya kushusha kinga, kwa sababu mwili wa Richard haukuona mgeni. Sisi wengine hatuna bahati hiyo. Tanzania ilipoanza kupandikiza figo nyumbani, Hospitali ya Taifa Muhimbili mnamo Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mnamo Machi 2018, badala ya kutegemea safari za India, tulipunguza gharama na safari, lakini sharti lilibaki lile lile: hata figo ya ndugu wa tumbo moja itashambuliwa kama dawa hazitamezwa kila siku, maadamu figo hiyo ipo.

Kwa mtu wa fani yangu kuna jambo la kustaajabisha hapa. Takrolimasi yenyewe ilipatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongoni, kwenye udongo uliochotwa eneo la Tsukuba, Japani. Bakteria wametupa dawa ya kulinda figo, na bakteria wa tumboni wanaigusa dawa hiyo kila siku. Imeonekana maabara kwamba baadhi ya wenyeji wema, mmojawapo Faecalibacterium prausnitzii, wanaweza kuigeuza takrolimasi kuwa kitu chenye nguvu ndogo zaidi. Mikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, nayo ina safari yake: ini huifunga kwa sukari na kuishusha utumboni na nyongo ili itoke, bakteria wanaikata ile sukari, dawa inafufuka na kunyonywa tena. Kufufuka huko ni sehemu ya sababu watu wengi wanaoitumia huharisha.

Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: kuharisha kwa mtu mwenye figo ya kupandikizwa si jambo la kumaliza na uji wa mchele nyumbani. Utumbo unapoharisha, takrolimasi inaweza kunyonywa zaidi kuliko kawaida na kupanda kwenye damu. Siku ya pili ya kuharisha piga simu kliniki, kipimwe kiwango cha dawa.

Si choo cha jirani

Waulize watu kumi mtaani U.T.I. inatoka wapi, wengi watakujibu vyoo vichafu. Nimelisikia hili kwa wauguzi pia. Usafi wa choo ni mwema kwa kila mtu, lakini imani hii inatupeleka pabaya, kwa sababu inamfanya mgonjwa amtafute adui nje huku yuko ndani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka New York uliwafuatilia wapokeaji figo 168 na kuchambua sampuli 510 za kinyesi chao. Wale ambao kundi la E. coli lilifikia asilimia 1 au zaidi ya bakteria wote wa kinyesi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuja kuota bakteria hao hao kwenye mkojo. Watafiti wakalinganisha vinasaba, wakakuta bakteria wa mkojo na wa kinyesi cha mtu yule yule wanafanana sana. Asilimia moja! Kipembe kile kidogo kikitanuka kidogo tu, hatari inapanda.

Njia yenyewe ni fupi. Bakteria hutoka kwenye haja kubwa, hukaa kwenye ngozi ya jirani, huingia tundu la mkojo, ambalo kwa mwanamke liko karibu na mrija wake ni mfupi, hupanda hadi kwenye kibofu. Kwa mtu wa kawaida mlango kati ya kibofu na mrija wa figo huwazuia mkojo na bakteria kurudi juu. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na mrija wake mfupi hushonewa kwenye kibofu. Mlango ule wa asili haupo kama ulivyokuwa. Juu ya hayo, wiki za mwanzo daktari huacha ndani kimrija laini ili mshono upone, na bakteria wanapenda mno kujishikiza kwenye plastiki. Ndiyo maana tarehe ya kutolewa kimrija hicho isirukwe hata kidogo. Kama hujaambiwa ni lini, uliza.

Figo mpya pia haina neva kama zile za kuzaliwa, kwa hiyo maumivu ya kiuno tuliyoyazoea huenda yasije kabisa. Anayeugua anaweza kuhisi uzito au kuumia anapobonyeza chini ya tumbo pale penye kovu, au asihisi chochote ila uchovu. Na kwa kuwa prednisoloni, nayo ni dawa ya kushusha kinga, hufunika homa, nyuzi 38 kwa mtu huyu zina uzito ambao hazina kwa jirani yake.

Turudi kwenye bahasha

Bahasha ya kwanza na ya pili. Antibayotiki haichagui. Inapomfuata E. coli wa kibofuni inapita pia utumboni, inaua wenyeji wema, na nafasi iliyoachwa inachukuliwa na wale walionusurika. Nani wananusurika? Walio sugu. Mama alipopata nafuu baada ya siku 5, bakteria dhaifu walikuwa wamekufa na sugu wamepata uwanja mpana utumboni, wakasubiri. Wiki mbili baadaye ndio walioingia kibofuni. Hicho ndicho nilichokiona kwenye kisahani: vijikaratasi sita bila duara. Dawa mbili zilizobaki zilikuwa amikasini, ambayo inaweza kuidhuru figo, na meropenemu, ambayo haimezwi bali hupitishwa kwenye mshipa. Akalazwa siku 10 kwa ugonjwa ambao mwanzoni pengine ungetibika kwa vidonge.

Hapa nataka kusema jambo litakalowashangaza baadhi ya wasomaji, na hata baadhi ya wenzangu. Bakteria kuonekana kwenye mkojo si lazima kuwe ugonjwa. Mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mpokeaji figo aliyepita mwezi mmoja tangu upasuaji, asiye na dalili yoyote, asitafutwe bakteria kwenye mkojo wala asitibiwe kwa sababu hiyo. Kumtibu hakumsaidii, kunazidisha usugu. Wajawazito na wanaotarajia kuingizwa vifaa kwenye njia ya mkojo wana utaratibu wao. Kwa hiyo ukipewa karatasi ya majibu yenye neno bakteria na huna homa, huchomwi, huumwi, usikimbilie duka la dawa. Ipeleke kwa daktari wako wa figo.

Bahasha ya tatu. Ukeni nako kuna wenyeji wema, wanaotengeneza asidi inayowazuia fangasi. Antibayotiki iliwaondoa, fangasi wakachanua. Hilo mama hakulitegemea, nasi tungemwonya kama angetupigia. Lakini kosa zito lilikuwa flukonazo. Ini lina kimeng'enya kinachoivunja takrolimasi, na flukonazo inakifunga mikono. Takrolimasi ikarundikana, ndiyo ile mikono iliyotetemeka na kreatinini iliyopanda. Antibayotiki za klarithromaisini na erithromaisini hufanya vivyo hivyo. Balungi pia, tunda na juisi yake. Rifampisini ya kifua kikuu huenda upande wa pili: inaivunja takrolimasi haraka mno, na mwili unaweza kuikataa figo huku mgonjwa akimeza vidonge vyake kwa uaminifu. Hakuna hata moja ya dawa hizi iliyo haramu kwake. Zinatumika kila siku, ila kwa mkono wa daktari anayepunguza au kuongeza takrolimasi na kupima damu.

Bahasha ya nne, diklofenaki, nitaisema kwa ufupi: hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mwenye figo ya kupandikizwa asiimeze wala asichomwe sindano yake, na ibuprofeni ni hivyo hivyo. Kwa maumivu ya kawaida kuna parasetamo. Dawa za mitishamba nazo ziko kundi hili la kuulizia kwanza, kwa kuwa hatujui zinaifanyia nini takrolimasi ndani ya ini.

Homa si malaria mpaka ipimwe

Njia ya mkojo ndiyo sehemu inayougua mara nyingi zaidi baada ya kupandikizwa figo, ila si pekee. Mwezi wa kwanza tunaogopa zaidi maambukizi ya kidonda, ya mirija na ya wodini. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita kinga iko chini kabisa, na wanaamka wale waliokuwa wamelala mwilini kwa miaka: saitomegalo, kirusi ambacho watu wazima wengi wanacho bila kujua, kirusi cha BK, kinachoishi kwenye njia ya mkojo na kuila figo kimyakimya, na kifua kikuu, ambacho kwetu Afrika Mashariki hatuwezi kukisahau. Septrini anayopewa mgonjwa kwa miezi kadhaa ni kinga dhidi ya nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis, na inasaidia upande wa mkojo pia. Najua wapo wanaoiacha wakidhani ni dawa ya watu wenye VVU na wanaogopa maneno ya majirani. Tafadhali msiiache.

Kinachoniumiza ni homa inayotibiwa nyumbani. Mtu anapata joto, anameza dawa ya mseto siku tatu, joto linashuka kidogo, siku ya tano analetwa hajitambui. Malaria ipo, na mpokeaji figo anaweza kuipata. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, usimeze mseto kwa kubahatisha. Homa kwa mtu huyu ni safari ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito, vivyo hivyo. Na chanjo zenye kirusi au bakteria hai, kama surua, homa ya manjano na polio ya matone, asipewe baada ya kupandikizwa. Za namna hiyo humalizwa kabla. Familia inayojiandaa kutoa figo ianze kuuliza kuhusu chanjo mapema, pamoja na ya homa ya ini B.

Chakula. Watu huniuliza kama wanunue vidonge vya bakteria rafiki vinavyouzwa madukani. Jibu langu ni hapana, labda daktari wako aseme vingine, kwa sababu faida yake kwa wapokeaji figo haijathibitika, na mara chache bakteria hao hai wameingia kwenye damu ya watu wenye kinga ndogo. Maziwa mgando yaliyotokana na maziwa mabichi hayafai, wala maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe bila kuchemshwa, wala mayai yasiyoiva, wala mishkaki yenye damu katikati, wala kachumbari ya kibandani ambayo hujui imeoshwa kwa maji gani. Maji yachemke kweli, yapoe yakiwa yamefunikwa. Upande wa furaha ni kwamba figo mpya ikishafanya kazi vizuri na potasiamu ikatulia, wengi hurudishiwa maharage, matunda na mboga za majani zilizopikwa, na hapo wenyeji wema wanapata chakula chao tena. Mtaalamu wa lishe ndiye atakayekwambia lini na kiasi gani, kwa kuangalia damu yako.

Sasa mkojo unapochoma. Kabla ya kidonge chochote cha antibayotiki, leta mkojo. Kidonge kimoja tu kinatosha kuharibu jibu: bakteria hawaoti kwenye kisahani, ilhali kibofuni bado wapo. Chukua kichupa kisafi chenye mfuniko kutoka maabara, usitumie chupa ya dawa ya kikohozi iliyosuuzwa. Nawa mikono, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, mkojo wa mwanzo uache uende chooni, wa katikati ndio ukinge. Usiguse ndani ya kichupa. Andika jina na saa. Ukifika maabara ndani ya saa 2 ni sawa. Ukichelewa, bakteria wachache waliomo watazaliana humo kichupani na tutakuandikia ugonjwa usiokuwa nao. Kama uko mbali, kiweke kwenye friji, si kwenye friza, na kifike siku hiyo hiyo. Tuambie kwenye fomu kwamba umepandikizwa figo na unatumia dawa gani. Fomu tupu inatuficha nusu ya tunachotakiwa kutafuta.

Wiki sita baada ya kuruhusiwa, mkojo wa mama ulianza kuchoma tena. Safari hii alimpigia muuguzi wa kliniki alfajiri, na pochi aliyokuja nayo haikuwa na bahasha. Binti yake alinikabidhi kichupa dirishani kikiwa bado na uvuguvugu, kwenye kibandiko kumeandikwa jina lake, dawa zake tatu, na saa: 1:40 asubuhi.